Siku Tuliyovuka Kwenda Likoni Bila Msiba

Kabla ya mwaka ule, kila safari nyumbani kwetu ilikuwa na sababu yake. Mtu alikuwa amefiwa, au anaoza binti, au yu mgonjwa, au nyanya ameleta salamu kutoka Rabai kwamba mihogo imekomaa na mgongo wake haumruhusu kuing'oa. Hatukuwahi kutoka nyumbani ili kutoka tu. Hata sijui kama tulikuwa na neno la jambo hilo.

Tulikuwa tukikaa Changamwe, katika chumba kimoja chenye ukumbi mdogo mbele, kwa sababu baba alikuwa akifanya kazi ya kupakia na kupakua mizigo kwenye mabehewa ya reli. Mimi nilikuwa na miaka tisa au kumi. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike aliyeanza kung'oka meno ya mbele, na mtoto wa kiume ambaye bado alikuwa mgongoni kwa mama. Kila Krismasi tulipanda gari la moshi mpaka Mazeras, tukashuka, tukatembea kwa miguu hadi Rabai kwa nyanya. Lakini Krismasi ya mwaka ule, vita vya pili vya dunia vikiwa vimekwisha na meli zikiingia bandarini kwa wingi, baba aliambiwa afike kazini siku yenyewe ya sikukuu. Akapewa ruhusa siku ya pili yake, na siku hiyo moja tu.

Alituletea habari hiyo jioni, mama akiwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Siku ya pili ya sikukuu nitawapeleka Likoni," alisema.

Mama hakuinua kichwa. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Basi ni harusi."

"Si harusi. Tunakwenda kutembea."

"Kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu. Tutakaa ufuoni, tule, watoto wacheze majini, halafu turudi."

Mama akaweka ungo chini. "Yaani tupike chakula, tukibebe, tuvuke maji, tukakile mchangani, kisha turudi hapa hapa?"

"Ndivyo."

"Na hapa tukila, nani anatukataza?"

Baba akaeleza kwamba karani mmoja wa Kigoa pale ghalani kwao huwatoa mkewe na watoto kila Jumapili. Hubeba kikapu na mkeka, wakakaa mahali penye upepo mpaka jua lipungue. Karani alimwambia kwamba mtu anayefanya kazi wiki nzima bila kukaa na wanawe siku moja hatawajua, watakua kama watoto wa jirani. Maneno hayo yalikuwa yamemwingia baba. Mama alimtazama, akaokota ungo wake, akasema, "Haya. Lakini watoto hawana nguo."

Ilikuwa kweli. Miaka ya vita nguo zilikuwa adimu, na gauni langu la kanisani lilikuwa limeteremshwa upindo mara mbili mpaka upindo ukaisha. Jumamosi iliyofuata tukaenda mjini kununua.

Nayakumbuka maduka yale ya vitambaa kwa harufu yake kuliko kwa sura, harufu ya wanga wa nguo mpya na udi uliochomwa nyuma ya duka. Mama alikuwa ametoka nyumbani na rangi yake moyoni. Alitaka chiti ya buluu yenye vidoti vyeupe. Duka la kwanza halikuwa nayo. La pili walikuwa nayo jana. La tatu mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwambia kwa upole, "Mama, buluu yote imekwisha kwenda na wenye harusi. Nina jora moja hili. Likiisha, mpaka meli nyingine."

Akalikunjua juu ya meza. Lilikuwa la manjano, manjano ya kiini cha yai, lenye maua mekundu makubwa kama visahani. Mdogo wangu alivuta pumzi. Mama alikishika kitambaa, akakivuta huku na huku kuona kama kinafumuka, akakigeuza, akatazama nyuma.

"Nguo nzuri," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa. "Lakini inapiga kelele."

Tukainunua. Fundi aliyekaa na cherehani yake barazani pa duka akatupima palepale, mama, mimi, mdogo wangu, na hata mtoto. Alipomaliza kupiga hesabu ya vipande, akasema kimebaki kipande kizuri, ni hasara kukitupa, kinatosha shati la mwanamume. Baba alikuwa amesimama mlangoni akitazama barabarani. Alikuwa mtu wa shati jeupe, na la kaki kazini. Mama akamgeukia.

"Wewe ndiye uliyetaka tutoke pamoja," alimwambia.

Basi baba naye akapimwa.

Siku ya pili ya Krismasi tuliondoka Changamwe asubuhi, watu watano wenye maua mekundu. Jirani zetu walitoka kutuona. Baba alibeba sufuria ya wali wa nazi na kuku, imefungwa kwa kitambaa na kutiwa kikapuni. Mimi nilibeba mkeka. Tulipanda basi hadi mjini, tukatembea mpaka kwenye feri, na huko tukakuta kwamba si baba peke yake aliyefikiri habari ya Likoni. Watu walikuwa wengi, wengine na baiskeli, wengine na kuku hai, na malori mawili matatu ya kwenda kusini yakingoja zamu yao.

Feri ilipofika watu wakasukumana kuingia. Mama, aliyekuwa na mtoto mgongoni, akachukuliwa na msongamano mbele yetu. Nilimwona akigeuka kututafuta. Baba alimshika mdogo wangu mkono mmoja na kikapu mkono wa pili, akijaribu kupenya, lakini mnyororo ukavutwa mbele ya kifua chake, na mtu mmoja wa feri akasema imejaa, tungoje nyingine. Baba alimwonyesha mama kwa kidevu. "Mke wangu yumo humo." Yule mtu akamjibu, bila ubaya, "Basi atakungoja ng'ambo."

Tukasimama tukiitazama feri ikienda. Yale maua mekundu yalionekana kwa muda mrefu.

Leo ningeliona ni jambo dogo, lakini inafaa mjue kwamba mama hakuwahi kwenda mahali popote peke yake. Kutoka kwa baba yake aliletwa Changamwe, na mjini alikwenda na baba au na majirani. Senti zote zilikuwa mfukoni mwa baba. Chakula kilikuwa mkononi mwa baba. Mama alikuwa na mtoto na leso aliyombebea, basi. Na feri iliyofuata, malori yalipewa nafasi kwanza, tukabaki tena. Jua lilikuwa limepanda. Baba alikuwa akihamisha kikapu kutoka mkono huu kwenda mkono ule, mpaka mdogo wangu alipouliza kama mama amekwenda moja kwa moja.

"Hajaenda moja kwa moja," baba alisema. "Amekwenda Likoni."

Lakini nilimtazama uso, nikaona anaogopa, na kuogopa kwake kukaniogopesha kuliko maji.

Tulivuka kwa feri ya tatu. Tulipopanda kutoka kwenye gati upande wa Likoni, mama hakuwapo. Tukatazama kwenye kivuli cha ukuta, tukatazama kwenye foleni ya kurudi mjini. Baba alianza kutembea kwa haraka huku na huku, mpaka mimi na mdogo wangu tukashindwa kumfuata, na mdogo wangu akaanza kulia. Mwishowe baba akamwendea muuza madafu aliyekuwa amechuchumaa kando ya njia.

"Salaam aleikum, mzee. Umemwona mama mmoja, ana mtoto mgongoni—"

Yule mzee hakumwacha amalize. Alitazama shati la baba, akatazama magauni yetu, akacheka mpaka panga likamwanguka. "Amevaa jora hili hili? Kamwite mwenyewe. Amekwenda na mama mmoja wa hapa hapa Likoni. Shika njia ile, nyumba ya pili yenye ua wa makuti."

Baba alimnunulia dafu kila mmoja wetu, nadhani ni kwa furaha, na tukaifuata ile njia. Tuliipata nyumba. Tukapiga hodi, tukakaribishwa, na uani tukamkuta mama amekaa juu ya mbuzi, amejifunga leso ya mtu mwingine kiunoni, anakuna nazi. Mtoto alikuwa amelala kitandani barazani, amefunikwa.

Mama alituinulia macho. "Mmechelewa," alisema.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa Kidigo wa makamo, mnene, mwenye sauti ya taratibu. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba na kutushika vichwa. Yeye ndiye aliyemweleza baba yaliyotokea. Alikuwa akirudi kutoka gatini kumsindikiza mwanawe, akamwona mgeni amesimama juani na mtoto, anatazama maji, machozi yanamlengalenga. "Nikamuuliza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswahili. Mtoto akalia, akambembeleza kwa Kirabai. Nikamwambia, kumbe wewe ni mwenzetu? Maana Kidigo na Kirabai, wallahi, ni mlango mmoja. Sikuweza kumwacha juani, baba. Nikamwambia mumeo akija, nguo hii itamwonyesha njia."

Baba alimshukuru sana, kisha akaanza kujikohoza. Nilijua mambo yamemharibikia. Alitaka tukae ufuoni peke yetu kama yule karani, na sasa tulikuwa kwa watu, kama siku zote. Akasema labda tusimsumbue zaidi mwenyeji, tushuke pwani tukale chakula chetu.

"Chakula kitaliwa hapa," mama alisema. "Tule pamoja naye."

Baba akasogea karibu naye, akapunguza sauti. "Ni kuku, mama watoto. Yeye ni Mwislamu."

"Amechinjwa na jirani yetu, yule mzee wa msikitini. Nilimpelekea mwenyewe jana alfajiri."

"Kwa nini?"

"Kwani uliwahi kuona chakula kikaliwa, asitokee mtu?"

Baba alifungua kitambaa, na mwenye nyumba akaleta sinia kubwa, akaongeza samaki wa kupaka wake, tukala sote mkekani. Nimekula vyakula vingi tangu hapo, na mdogo wangu vilevile, lakini hata leo tukikaa pamoja tunabishana kama samaki yule alikuwa changu au tafi.

Baada ya kula mwenyeji wetu alituteremsha pwani mwenyewe, mahali ambapo watoto wa mtaa ule huogelea. Mimi na mdogo wangu tukaingia mbio. Baba alikunja suruali, akasimama maji yakimfika magotini, shati lake likipeperuka, akawa kama bendera ya nchi isiyojulikana. Mama alikaa mchangani na mwenzake. Miaka yote ile Changamwe aliyaona maji kila siku kwa mbali, huko Kipevu, na hakuwahi kuyakanyaga. Nilimsikia yule mama akimwambia jambo, nikamwona mama akimpa mtoto, akainuka, akaja polepole na gauni lake lote. Wimbi lilimpiga miguuni, akasimama. Lilipomfika kiunoni akajimwagia usoni kwa viganja viwili, akalamba midomo.

"Ni chumvi kweli," alimwambia baba.

"Sikukwambia?"

"Uliniambia. Nilidhani ni maneno ya watu."

Wakasimama hapo, bega kwa bega. Sikuwa nimewahi kuwaona wazazi wangu wamesimama pamoja bila kazi mikononi.

Urafiki ule haukufa. Yule mama alikuja kwetu Changamwe kwa ngalawa na kwa basi, akaleta maembe, akalala siku mbili, na sisi tulikwenda kwake sikukuu zake na zetu, mpaka nikaolewa nikitokea nyumbani kwetu na yeye akiwa miongoni mwa walionisinga kwa manukato siku ya harusi. Lakini lililonishangaza mimi lilikuwa badiliko la mama. Aliyekuwa akiuliza kuna msiba gani, sasa ndiye aliyeanza kuuliza Jumapili tunakwenda wapi. Alichunguza kwa majirani. Mikindani kukoje? Je, ni kweli kwamba kuvuka kwenda Kisauni kuna daraja linaloelea?

Tulikwenda kuliona mwaka uliofuata, wakati wa Pasaka. Lilikuwa kweli linaelea, na gari likipita lilipanda na kushuka chini ya miguu yetu kama kifua cha mtu aliyelala. Baba, ambaye alikuwa akipanda juu ya mabehewa kutwa kucha bila wasiwasi, alifika katikati akasimama, akashika ukingo, akasema kichwa kinamzunguka. Watu walikuwa wakitupita. Mama alikuwa mbele, na mtoto sasa akitembea mwenyewe kando yake. Alirudi nyuma, akampa baba mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo wanawake wa wakati wake hawakulifanya.

"Usitazame maji," alimwambia. "Nitazame mimi."

Akamvusha hivyo, hatua kwa hatua, mpaka ng'ambo ya Kisauni, na walipofika mchangani hakumwachilia mara moja.