Mafundi wawili, kitabu kimoja na mashine ya mama Filomena

Saa mbili asubuhi, Zuena Awadhi amepiga magoti nyuma ya mashine ya kufulia iliyotengenezwa mwaka 1984, tochi mdomoni. Anazitazama nyaya kumi na sita zinazoning'inia, anakitazama kitabu kilichofunuliwa sakafuni, anazirudia nyaya. Kisha anaitoa tochi na kutamka neno ambalo fundi hapendi kulitamka mbele ya mwandishi wa habari.

"Sielewi."

Zuena ana miaka 48 na karakana yake ipo Old Korogwe. Mafundi wa simu na pikipiki wamejaa kila kona, lakini kwa mashine hizi kongwe, kuanzia hapa hadi Handeni, wanajulikana wawili tu: yeye na Sufiani, mwenye karakana Handeni mjini. Wote walifundishwa na marehemu mzee Jonathan, aliyewaachia kitabu kimoja cha matengenezo, cha Kijerumani.

"Maneno yake silijui hata moja," anasema. "Michoro ndiyo naisoma. Waya namba tatu unaenda wapi, wa nne unaenda wapi, basi."

Mashine hii ni ya Filomena Simeo, 61, anayefua mashuka ya nyumba za wageni. Kwa mashine anamaliza mashuka sitini kwa siku. Kwa mikono, tangu alipovunjika kifundo cha mkono, hayafiki kumi. Mteja wake mkubwa amempa hadi Jumamosi, la sivyo kazi anapewa mtu mwingine. Leo ni Ijumaa.

Ubovu wenyewe ulikuwa mdogo. Taima, kifaa kinachoiambia mashine lini iingize maji na lini igeuke, iliganda kwa kutu. Zuena akaitoa aisafishe, akachomoa nyaya zote bila kuziwekea alama. Alama za nini, na kitabu kipo?

Kumbe kitabu ndicho kilichovurugika. Kwa miaka kumi na moja kimesafiri kati ya Korogwe na Handeni mikononi mwa makondakta wa mabasi, na mafundi hawa walikubaliana kwamba atakayekuta mchoro haulingani na mashine, asahihishe kwa penseli. Ila mashine zenyewe zimebadilishwa vifaa mara nyingi, kila moja kivyake, hivyo sahihisho la mashine moja ni kosa kwa nyingine. Na hakuna aliyeandika jina pembeni ya masahihisho yake.

"Kitabu cha marehemu, unaanzaje kuandika jina lako?" anauliza Zuena. "Tuliona ni kukosa adabu."

Sufiani, aliyepigiwa simu jana, anaingia saa nne. Anauinamia mchoro, anazifuata namba za penseli kwa kidole.

"Hii saba ni yangu," anasema.

"Saba yenye mkato katikati ni yangu mimi, kaka. Wewe hukati."

"Mzee alitufundisha wote kukata."

"Haya, na hiyo tisa iliyofutwa?"

Sufiani anavua kofia. "Dada, hiyo tisa hata siikumbuki."

Wanaunganisha kwa kubahatisha. Mashine inaingiza maji na kuyamwaga papo hapo. Wanabadilisha nyaya mbili; sasa inazunguka kavu, kwa kasi, inasogea yenyewe hadi mlangoni. Mwandishi wa makala haya alipanda juu ya kiti, na haoni haya kusema.

Wakati huo anaingia mwenye mashine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Imepona?"

Machozi yanamlenga Zuena. "Mama, nimeivuruga. Nimeivuruga mimi mwenyewe."

Filomena hafoki. Anaikodolea macho mashine yake. "Mbona haiendi hivyo hiyo? Inaanza kunywa maji, inanyamaza kidogo. Inageuka kushoto, inapumzika, inageuka kulia. Halafu inakohoa, ndiyo inamwaga." Amekaa nayo miaka tisa.

Zuena anakifunga kitabu. Anaizungusha taima kwa mkono hatua moja moja, Sufiani anapima umeme unapita waya gani, Filomena anawatajia kinachofuata. Saa tisa alasiri mashine inakunywa maji. Inageuka kushoto, kulia. Inakohoa. Filomena anacheka huku analia, kisha anakimbilia mashuka yake.

Ungedhani Zuena angeshangilia. Amekaa juu ya ndoo, hana raha.

"Nimetengeneza mashine ngapi kwa hiki kitabu?" anauliza. "Zilizopona sijui kama nilizipatia au zilinivumilia tu. Na zile nilizosema zimekufa?"

Moja haimtoki akilini. Ni ya Catherine wa Mpale, anayefua nguo za bweni la wasichana. Miaka minne iliyopita Zuena aliipima kwa kufuata kitabu, akamwambia mama huyo asihangaike nayo tena. Catherine akaisukuma pembeni, akarudi kwenye beseni.

Zuena anapanga kwenda Mpale Jumatatu, bila kitabu. Atamkalisha Catherine kando ya mashine amsimulie ilivyokuwa ikienda, naye aunganishe upya.

"Naiombea iwake," anasema. "Lakini ikiwaka, nitamwambiaje kwamba miaka yote minne amefua kwa mikono bure?"