Nilimfundisha Mbwa Wangu Kunyamaza

Jina langu msilitoe, nawaombeni. Walio jirani zangu huku Msambweni wanajua, na wasiojua nawaambia mwenyewe: mkono wa mke wangu niliuharibu mimi. Mbwa alikuwa na meno tu. Kosa lilikuwa langu!

Nilikuwa nikitunza bustani ya Mzungu mmoja Diani. Uhuru ulipokuja aliuza nyumba akaenda kwao, akaniachia mbwa wake, Reksi, dume kubwa lenye manyoya ya kung'aa. Basi nikavimba kichwa! Nilipita naye njiani nikitaka kila mtu anione.

Nyumbani tulikuwa na Tutaona, mbwa wetu wa shamba. Alikuwa amezeeka, mguu wa nyuma akiuburuta, lakini ni yeye aliyetufukuzia nguruwe mwitu na nyani miaka yote tukavuna mahindi. Alichotaka ni kula ukoko wake peke yake, bila haraka.

Reksi alipomsogelea, Tutaona alinguruma. Wakakamatana, vumbi tupu uani. Na mimi, mjuzi wa mambo, nikakata shauri kuwapatanisha kama tunavyowapatanisha watu waliogombana: wale pamoja. Nikawawekea karai moja, nikasimama na bakora. Tutaona akinguruma, namchapa. Akionyesha meno, namchapa. Reksi simgusi, mbwa wa Mzungu yule!

Mke wangu, Mama Saidi, hakupendezwa.

"Baba Saidi, hawa si watu. Mtenge huyu mzee ale kando."

"Adabu haimuui," nikamjibu.

"Mwangalie basi! Anakula huku mwili umemkauka."

Kweli alikuwa amekauka. Shingo ngumu, jicho la pembeni, akilambalamba midomo hata kabla chakula hakijafika. Niliyaona yote hayo nikayaita unyenyekevu. Akaacha kunguruma kabisa, nami nikawaita majirani waje kutazama sulhu yangu. Wallahi, nilijisifu!

Asubuhi moja Mama Saidi alimwaga ukoko na vichwa vya samaki karaini. Vipande vikaangukia nje, akainama kuvirudisha. Reksi akasukuma kichwa chake. Tutaona hakutoa sauti yoyote. Aliruka tu, na kilichokuwa katikati yao kilikuwa mkono wa kuume wa mke wangu. Reksi naye akaurukia mkono ule ule. Nilipofaulu kuwatenganisha, karai lilikuwa na damu.

Hospitalini walishona walichoweza. Alipochomwa zile sindano za tumboni za kuzuia kichaa cha mbwa nilimsikia akilia, nami niko nje ya mlango sina la kufanya. Vidole vitatu vimekunjamana mpaka leo, havishiki ukili, na yeye ndiye aliyesuka mikeka watu wakaifuata kutoka Ukunda! Sasa anakula kwa mkono wa kushoto. Kwenye arusi haketi tena na wenziwe kwenye sinia, husema ameshiba.

Niliporudi nyumbani siku ile, hasira zilinipanda. Nikamfunga Tutaona kwenye mnazi, nikachukua rungu. Hakunguruma. Niliinua rungu naye ananitazama, mdomo ameufumba, kama nilivyomfundisha. Nikapiga. Ewe Mola, nikapiga! Reksi nilimpa mfuga mbuzi mmoja wa Taru, maana sikuweza kumtazama. Msimu ule nguruwe walikula mahindi yetu yote.

Mama Saidi hakunilaumu ila mara moja, akiwa kitandani.

"Alikuwa akituambia, Baba Saidi. Wewe ukamkataza."

Wenzangu mnaofuga mbwa zaidi ya mmoja, nisikilizeni mimi niliyepotea. Kila mbwa na chombo chake, mbali na mwenziwe, hasa yule mzee au mwenye maumivu. Akinguruma, msimpige! Mwondoeni mwenziwe, waondoeni na watoto, mshukuru kwamba bado anasema nanyi. Akinyamaza ghafla hali amekaza mwili, msiseme ametulia. Na mkeo akikuambia jambo, lifanye siku ile ile.

Mimi nimechelewa. Kila asubuhi namfunga Mama Saidi leso yake, kwa sababu vidole vyake haviwezi fundo. Husimama kimya mpaka nimalize, na hanitazami usoni.