Kiti cha Shemeji

Wakati huo nilikuwa fundi wa nguo pale Ruashi, upande wa Kongo, na mashine moja tu ya kushonea iliyochakaa. Nikasikia kwamba Mansa, ng'ambo ya mto Luapula, upande wa Zambia, kuna mama anafunga karakana yake na anauza vichwa vinne vya mashine kwa bei ya kutupa. Alitaka dola mkononi. Pesa za simu za kwetu hazikumfikia. Sikuwa na uwezo wa kukodi lori. Nikaamua kwenda kwa kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu, na nikamwomba kaka wa mke wangu anisindikize kwa yake, maana vichwa vinne vya chuma si mzigo wa mtu mmoja.

Yeye alikuwa mwashi. Nyumba nyingi mpya za mtaa wetu ni yeye aliyesimamisha kuta zake. Hakuuliza nitamlipa nini.

"Twende, shemeki," alisema. "Lakini franga za kununua mashine utazitia wapi? Kule njiani banatafuta mpaka ndani ya viatu."

"Usijali. Hiyo ni kazi yangu."

Na kazi niliifanya. Siku moja kabla, yeye akiwa kwenye misa, nilifumua kiti cha baiskeli yake, nikapanga noti ndani ya nailoni kati ya sponji na chuma, nikashona tena na kupaka mshono mafuta machafu ili uonekane wa zamani. Mimi nilivaa shingoni kimkoba chenye noti chache za kuwapa wezi. Nilichagua kiti chake kwa sababu mwenye safari ndiye hupekuliwa zaidi. Sikumwambia kwa sababu mtu asiyejua hawezi kusema. Nilijiona mwenye akili sana.

Tulilala Kasomeno, tukafika Kasenga, mtumbwi ukatuvusha. Siku ya pili upande wa Zambia, jua likiwa kali, wanaume watatu wenye mapanga walitoka vichakani. Nilimpa mkubwa wao kimkoba kabla hajakiomba. Akakifungua, akacheka.

"Wakongo wawili na baiskeli tupu," alisema kwa Kibemba. "Mnakwenda kununua. Hizi ni za chakula. Nyingine anazo huyu."

Wakamvua shemeji nguo zote, wakampiga.

"Miye sina kitu!" alilia. "Muulize shemeki yangu! Franga ni zake, miye sijui ni fasi gani aliziweka!"

Mkubwa akanigeukia. "Ni kweli?"

Nilisema: "Zangu nimekupa. Zake sizijui."

Wakauweka mkono wake wa kulia juu ya jiwe, wakawa wanapiga kwa mgongo wa panga, kidole kimoja, kisha swali, kisha kingine. Mmoja wao alikuwa amepanda baiskeli ya shemeji, amekaa juu ya kile kiti, anangoja. Walifika kidole cha tatu. Ndipo tukasikia lori linapanda kilima, nao wakakimbilia vichakani na kile kimkoba, wakiacha baiskeli zote mbili.

Nilichana shati langu nikamfunga. Akaniambia, "Pole, shemeki. Balikunyang'anya franga yote."

Nikasema, "Twende Mansa, tutafute muganga."

Hakuuliza kwa nini bado tunakwenda. Aliendesha kwa mkono mmoja siku nzima iliyofuata. Muuguzi alimfunga bandeji, akasema mifupa imekaa vibaya. Kutoka pale nikampeleka kwa yule mama, nikaomba mkasi, nikapasua kiti mbele yake.

Shemeji alitazama noti zikitoka.

"Nilikuwa nazikalia?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unaona mukono yangu."

"Ningesema, tungerudi bila kitu."

Alisaidia kufunga vichwa viwili kwenye baiskeli yake, kwa mkono wa kushoto na meno. Mpaka tunafika Ruashi hakusema nami neno isipokuwa kuomba maji.

Nyumbani alimweleza dada yake yote, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo, wala hakupandisha sauti. Mke wangu akaniuliza kama ni kweli. Nikakubali.

Sasa nina karakana. Shemeji hawezi tena kushika mwiko. Anawachanganyia mchanga na saruji vijana aliowafundisha mwenyewe, nao wanamhimiza aharakishe. Nilimpelekea kichwa kimoja cha mashine, mke wake ajifunze kushona. Alikirudisha kesho yake, akakiweka mlangoni, akaondoka.

Mke wangu hakuniacha. Anashona na mimi. Siku moja, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa, aliniuliza, "Kama bangekuwa banavunja mukono yangu, ungesema?"

Nilimjibu kwamba ningesema. Lakini nilichelewa kidogo kujibu, na yeye aliendelea kushona.