Mwenye Kisima Aonje Kwanza

Tryphosa Nasike hakusoma. Alifika darasa la pili, baba yake akasema ng'ombe nao wanataka mtu. Lakini kuhesabu hatua anajua, na asubuhi hiyo alihesabu mara tatu: kutoka kisimani mpaka pale Javan alipochora alama ya choo kipya kwa chokaa, hatua sita. Na hizo ni sita za mwanamke mzee mwenye goti bovu.

Javan Mabonga ndiye mwenye ploti huko Munyaka: nyumba kumi na mbili za mabati, kisima kimoja. Choo cha zamani kilikuwa kimejaa. Kipya alitaka kichimbwe hapo kwenye mwinuko, upande wa juu wa kisima, maana kule chini, penye nafasi, alikuwa ameshapima vyumba vya maduka. Na uchafu, hata mtoto anajua, haupandi mlima. Unateremka.

Tena Joy, binti ya Linet wa mlango wa tatu, alikuwa wiki ya pili amelala na homa ya matumbo. Daktari alisema ni maji. Wapangaji wenzake Nasike wakanong'ona tu, wanaogopa kufukuzwa. Nasike na kunong'ona wapi na wapi! Amepalilia mashamba ya watu Moi's Bridge miaka ishirini, amezika mume, amelea watoto watano peke yake. Aogope nini, chokaa?

Akabeba kigoda chake, akakiweka katikati ya ile alama, akakaa. Wachimbaji wawili walipofika na sururu walimkuta anachambua kunde.

"Mama, tupishe tufanye kazi."

"Chimbeni. Mtaanza na mimi."

Wakampigia Javan simu. Akaja na gambuti zake miguuni, anafoka tangu getini. "Wewe Mama, hii ploti ni ya baba yako?"

"Karibu, Mzee. Jua ni kali, shika maji kwanza." Akamchotea kikombe kwa ndoo iliyotoka kisimani saa hiyo hiyo.

Javan akanyoosha mkono, kisha akausimamisha. "Yamechemshwa?"

"Ya nini kuchemsha? Si unasema kisima chako ni safi? Wewe ni mtoto wa Bungoma kama mimi. Kwetu mwenye nyungu ya pombe ya busaa anaonja kwanza, wageni waone hakuna sumu. Haya, onja. Sisi wageni wako tunangoja."

Milango ikafunguka mmoja mmoja. Linet akatoka na Joy mgongoni, shingo ya mtoto imelegea. Javan akamtazama mtoto, akatazama kikombe, akagusisha mdomo.

"Hiyo ni kubusu," Nasike akasema. "Nimesema kunywa."

Ploti nzima ikacheka. Javan akamwaga maji chini.

Basi. Mwenye nyungu akimwaga mwenyewe, nani tena anauliza? Mchimbaji mmoja akatupa sururu begani. "Mzee, kama wewe hunywi, sisi tuchimbe wapi?"

 Javan akaonyesha kule chini kwa kidole, kama mtu anayewaonyesha polisi njia ya kwake.

Nasike hakuinuka mpaka aliposikia sururu imepiga ardhi huko.

"Mwisho wa mwezi uhame hapa kwangu!" Javan akapiga kelele.

"Nitahama siku nikichoka na wewe. Kwanza kalete dawa ya kusafisha kisima. Kufukuzana kutangoja mtoto apone."