Nyuki wa Jernej Hawajaambiwa

Kila asubuhi mzee Jernej Podlogar alivua kofia, akaigonga mizinga yake kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, akaisalimu. Kisha alitega sikio kwenye ubao mpaka asikie mvumo ndani. Majira haya ya kuchipua, mizinga mingi haikumjibu.

"Na huu umefariki," alimwambia mjukuu wake, Neža. Kijijini kwao nyuki hafi kama nzi. Hufariki, kama mtu.

Neža alikuwa amekuja kutoka chuo kikuu mjini Ljubljana, akiandika tasnifu juu ya neno hilohilo, nyuki. Jioni, wakimenya viazi, alimsimulia babu kwamba Waslavi wa kale, mababu wa taifa lao, walisema bĭčela, nomino ya kike yenye kuishia na a, na huenda lilitokana na mlio wenyewe wa nyuki. Hakuna aliyewahi kuliandika. Wasomi walilifufua kwa kulinganisha maneno yaliyozaliwa nalo, ya Wapolandi, ya Warusi na ya lugha ya babu mwenyewe, wakalitia kinyota mbele kuonyesha kwamba halijapata kuonekana katika maandishi yoyote ya kale.

"Mmesoma mpaka mmegundua nyuki anavuma," Jernej alisema. "Hongereni."

Neža alicheka. Hakuna aliyecheka nyumbani humo tangu bibi yake Marjeta, mke wa Jernej, azikwe, wakati wa theluji.

Jirani yao Lojze ndiye aliyemvuta Neža kando. Nyumba ikifiwa, alimkumbusha, mwenye mizinga huenda kuigonga na kuwapa nyuki habari ya msiba. Wasipoambiwa, huhama au humfuata marehemu. Jernej mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwahimiza wengine. Safari hii hakuwaambia nyuki wake.

"Sema naye wewe, mwanangu. Mimi kanitimua kama mbwa wa jirani."

Asubuhi iliyofuata Neža alisimama karibu na babu. Ulibaki mzinga mmoja tu wenye uhai, ule ambao bibi aliupaka rangi ya buluu. Jernej alivua kofia, akagonga, akawaamkia nyuki. Kisha, kwa sauti ileile, akawaambia Marjeta bado amelala.

Neža aliona aibu, kana kwamba amefungua mlango bila kubisha hodi.

"Babu, kwa nini hujawaambia?"

Jernej aliacha kiganja chake juu ya ubao wa buluu.

"Nikiwaambia," alisema, "na mimi nitakuwa nimesikia."