Siku Ukulele Iliponiteleza Ukweni

Ninaikumbuka vizuri siku ile huko Mpimbwe, mwanangu, siku ukulele iliponitoka pajani mbele ya wakwe, nikatamani ardhi inimeze mimi pamoja na suruali yangu ya bugaluu, ile pana miguuni. Cheka tu ukitaka. Nakuambia kwa sababu nawaona nyie vijana mnavyokaa na vigitaa vyenu, mgongo umepinda, shingo imezama mabegani, halafu mnalalamika mkono unauma. Unauma kweli. Siwalaumu. Uliniuma na mimi, tena uliniuma siku ambayo sikutakiwa kuumwa.

Kwanza unijue. Mimi sikusoma. Darasa la pili niliaga, nikaenda kubeba mbao kwa fundi mmoja wa misheni, Karema, kule ziwani. Randa nimejifunza kwa macho, msumeno kwa vidonda. Miaka hiyo ya sabini nilikuwa tayari na karakana yangu mwenyewe Majengo, pale Mpanda, na hakuna aliyenishika mkono. Meza zangu hazikuyumba, viti vyangu havikulia mtu akikalia. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Ukulele nilipewa na padri mmoja mzee, mgeni, aliyekuwa anarudi kwao moja kwa moja. Aliniita nimpigilie masanduku ya safari. Nilipomaliza akanipa na hicho kigitaa chake, nyuzi nne tu, kidogo hata unaweza kukibeba kwapani kama kuku. Akasema, "Uipige, usiitundike ukutani." Akavuta kiti anionyeshe namna ya kukaa nayo. Nikamwambia, "Baba, nimeshakuona ukipiga, inatosha." Hakuwa mtu wa kubishana. Akaondoka na elimu yake, mimi nikabaki na ujinga wangu. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini kukataa kuelekezwa ndio ujinga wenyewe.

Basi nikajifunza kivyangu, nimesimama. Mguu mmoja juu ya gogo, kiuno kimeegemea meza ya randa, kigitaa nimekibana kifuani. Jioni watu wa Majengo walikuwa wanakusanyika pale karakana kunisikiliza, na kusimama huko kulinipendeza, maana mtu aliyesimama anaonekana. Kupiga nikiwa nimekaa sikuwahi kujaribu hata siku moja.

Ndipo nikampenda Skolastika. Alikuja Mpanda kumuuguza shangazi yake, shangazi akapona, yeye akarudi kwao Mpimbwe kwenye mpunga, na mimi nikabaki nikipima mbao mara mbili na bado nikikata vibaya. Nikamtuma baba mdogo, Leonsi, awe mshenga. Baba mdogo alikuwa mtu wa kuongeza chumvi. Akaenda kuwaambia kijana wetu ni fundi, tena anapiga gitaa mpaka ndege wanatua. Baba yake Skolastika, mzee Pankrasi, akamjibu, "Ufundi nimeusikia. Hilo gitaa ndilo linanipa mashaka. Wapiga gitaa ni watu wa kutaka kutazamwa, hawaambiliki. Mleteni nimwone kwanza." Siku zile, mwanangu, mpiga gitaa na mhuni walihesabiwa ndugu. Kwa hiyo safari yangu ilikuwa ya jambo moja tu: nikionekana mhuni, Skolastika namkosa.

Tukapanda lori la mizigo, baba mdogo na mimi. Aliniambia mapema, "We kijana, vaa suruali ya heshima." Nikavaa bugaluu ya tetroni, kile kitambaa cha kuteleza, imepigwa pasi mpaka inang'aa. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tukafika mchana. Mavuno yameisha, mpunga umelundikwa uani kama kichuguu. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, tukakaribishwa barazani. Sasa ukweni kule kijana anayeposa hasimami mbele ya wazee waliokaa. Ukisimama umewafunika. Na anapokaa, anakaa chini yao, kwenye kigoda, karibu na ukuta. Kigoda changu kilikuwa kimewekwa. Nikakitazama kwa jicho la fundi. Nikasema moyoni, mimi natengeneza viti vya watu wakubwa Mpanda, leo nikalishwe kwenye kipande cha gogo? Pembeni kulikuwa na kiti kirefu, kitupu, cha wazee. Nikakivuta, nikakaa.

Baba mdogo akakohoa. Mzee Pankrasi hakunitazama mimi, alikitazama kiti.

"Haya, fundi," akasema. "Habari za gitaa tumezisikia. Tupigie."

Nikainuka.

"Unakwenda wapi?"

"Nasimama nipige, mzee."

"Hapa bado hakuna harusi. Piga umekaa."

Nikarudi kitini. Mwanangu, mimi ni mfupi, unanijua. Kiti kile kirefu, miguu yangu iligusa sakafu kwa vidole tu. Mtu akikaa hivyo paja linainamia mbele. Weka juu yake tetroni iliyopigwa pasi, weka na mbao laini ya ukulele, uone. Ikaanza safari kuelekea gotini. Nikaidaka shingo kwa mkono wa kushoto, nikaibana. Lakini mkono wa kushoto kazi yake ni kutembea juu ya nyuzi! Nikiuachia utembee, kigitaa kinaanguka. Nikiuzuia, wimbo haubadiliki, unabaki palepale kama lori lililokwama topeni. Nikakigandamiza na mkono wa kulia, sauti ikafa. Nikainama nizitazame nyuzi, nikakigeuza tumbo juu ili nione vizuri, kikateleza zaidi. Kidole gumba kikashikwa na mkazo mpaka nikauma meno. Jasho. Ubeti wa tatu sikuumaliza. Kigitaa kilinitoka, kikagonga sakafu, ko!

Skolastika alikuwa mlangoni mwa jiko. Nilimwona anafunika uso kwa khanga, na hakuwa anacheka.

Mzee Pankrasi akasema polepole, "Leonsi, ndugu yangu, tumeona. Kesho asubuhi lori linapita. Msilikose."

Nililalaje usiniulize.

Asubuhi baba mdogo alikuwa anafunga mzigo bila kunisemesha. Nikatoka uani. Bibi Veronika, mama yake mzee Pankrasi, alikuwa amekaa kwenye kigoda anapepeta mchele. Bibi na kijana anayemposa mjukuu wake ni watani, wanaitana mke na mume, na maneno ambayo baba mkwe hawezi kukuambia, bibi anakuambia huku anakupiga kofi la bega.

"Mume wangu," akaniita. "Njoo hapa. Na huyo mtoto wako uliyemdondosha jana mlete."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba ya nini na umeshanitia aibu? Nimewatangazia vikongwe wenzangu nimepata mume kijana, kumbe hajui kukaa!"

"Kile kiti ndicho kibaya, bibi."

"Kiti? Kwani kazi yako nini wewe, mume wangu?"

"Natengeneza viti."

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Fundi wa viti asiyejua kukaa! Mungu wangu, nimeolewa na nini mimi?" Halafu akaacha kucheka, akanitazama. "Jana uliwekewa kigoda ukadhani umedharauliwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe unataka cha mvunguni, shingo iko darini. Haya, kaa hapa."

Akahamia mkekani, akaniachia kigoda chake. Nikakaa. Na hapohapo nikaelewa kitu ambacho fundi wa viti alipaswa kukijua: kwenye kigoda goti linapanda juu, paja linarudi tumboni. Nilipoweka ukulele ilikuja yenyewe ikanigusa mbavu, badala ya kukimbilia gotini.

"Hiyo suruali yako inateleza kama kambale," bibi akasema, akanirushia kipande cha kitenge kikuukuu nikiweke pajani. "Sasa mbona unakaba hiyo shingo? Kuku wa sikukuu huyo?"

"Nikiiachia itaanguka, bibi."

"Iachie tuone."

"Itaanguka."

"Iachie! Au unaogopa kukosea mbele ya mkeo?"

Nikaachia mkono wa kushoto. Haikuanguka. Paja limeibeba chini, mbavu zimeipokea nyuma, mkono wa kulia umeilalia juu kidogo, kwa sehemu iliyo chini ya kiwiko, bila kuibana. Mwanangu, nilishangaa kama mtoto. Miaka yote ile mkono wangu wa kushoto ulikuwa unafanya kazi ya kigingi.

Bibi akachukua ungo wake. "Tazama. Nikiukaba ungo hivi, mchele hauruki, unabaki na pumba zake. Ungo unakaa hapa mapajani, mikono inauongoza tu. Mkono mmoja haulei mwana, sawa, lakini na mikono miwili ikimkaba shingo hatakua. Inua mgongo. Mabega shusha, nani anakupiga? Na usimchungulie kila wakati. Ukimchungulia sana ujue humwamini."

Nikapiga. Kidole gumba nyuma ya shingo kimegusa tu, hakikubana, vidole vinne vikatembea vinavyotaka. Bibi akapepeta kwa kuufuata wimbo, pe, pe, pe, pumba zinaruka. Nikaingia ubeti wa pili, wa tatu, ule ulionishinda, nikaupita.

Katikati ya wimbo nikamwona mzee Pankrasi. Ametoka shambani, jembe begani, amesimama nyuma ya lundo la mpunga. Nikataka kuinuka kwa heshima.

"Kaa," bibi akaninong'oneza. "Maliza."

Nikamaliza nimekaa. Mzee akalaza jembe, akaja, akaketi juu ya gogo la kuni, mbele yangu kabisa. Pale kwenye kigoda nilimtazama nikiwa chini yake, kama nilivyotakiwa kumtazama tangu jana.

"Nani kakufundisha kukaa?"

"Bibi, mzee."

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Fundi wa Mpanda mzima, kafundishwa na kikongwe na ungo. Hukuona aibu?"

Ningeweza kujitetea. Nilikuwa hodari wa kujitetea. Nikasema, "Aibu niliiona jana, mzee. Leo nimeona nafuu."

Lori lilianza kusikika kwa mbali, na baba mdogo akatokea na mzigo begani. Mzee Pankrasi akamtazama, akamwambia, "Leonsi, unakwenda wapi na huo mzigo? Kijana anayeambiwa akasikia, mtoto wangu namwachia. Teremsha, tuongee." Mlangoni mwa jiko nikasikia sufuria inaanguka, na safari hii Skolastika alikuwa anacheka.

Ndio mama yenu huyo.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana hadithi bila funzo ni kelele. Ukipiga ukulele umekaa, tafuta kiti au kigoda kinachokuruhusu kukanyaga chini nyayo zote mbili, na kisicho na mikono ya kukugonga viwiko. Kiti kikiwa kirefu kuliko miguu yako, usione haya, weka tofali chini ya mguu. Sogea mbele kidogo, usijilaze. Paja ndilo libebe, kifua na mbavu vipokee, mkono wa kulia ulalie. Kichwa cha ukulele kiinuke kidogo kuelekea bega, kisichungulie sakafu. Ikiteleza, weka kitambaa, wala usiongeze nguvu. Na kila unapoanza, fanya lile jaribio la bibi: achia mkono wa kushoto kabisa. Ikibaki mahali pake, umekaa vizuri. Ikianguka, rekebisha ukaaji wako, usiilaumu ukulele. Mkono ukianza kuuma, pumzika. Maumivu si uhodari. Mimi niliuma meno ubeti mzima na hakuna aliyenisifu.

Na lingine, ambalo mzee bila shule anaruhusiwa kukuambia. Ukiona kitu unakipenda kinakuponyoka, usikimbilie kukikaba. Angalia kwanza wewe mwenyewe umekaaje. Mimi nimeoa hivyo, nimelea hivyo, na mafundi niliowafundisha kazi hapa Majengo na kule Kawajense nimewashika hivyo, mkono juu kidogo, bila kubana. Wengine waliondoka, ndiyo. Wengi walibaki.

Mungu akupe mtu wa kukucheka mapema, kabla dunia haijakucheka. Akupe masikio ya kumsikia, na vidole vyako visikose nguvu mpaka uzeeni. Nyumba utakayobisha hodi wakufungulie, na ukishaingia wakuombe uongeze wimbo mmoja. Amina, mwanangu. Nenda kapige.