Jani la Chai Ndani ya Taa

Sipendi kazi yangu irudi. Mteja akirudi kunisalimia, karibu kiti. Akirudi na taa ileile niliyoikausha kwa mikono yangu, siku nzima imeniharibikia. Kwa hiyo Dereva alipoingia kwa mara ya tatu, amekumbatia taa ya kushoto ya gari la binti yake, shikamoo niliitoa lakini kwa shingo upande.

"Imeshika ukungu tena, fundi," akasema.

"Naona, mzee. Sijapofuka."

Mtaani sote tunamwita Dereva, ingawa siku hizi haendeshi hata baiskeli. Maisha yake yote aliendesha malori ya mizigo, mpaka macho yakaanza kumdanganya na daktari akamwambia barabara basi. Akarudi nyumbani kupumzika na mkewe. Mwaka haukuisha, mke akafariki. Dereva mwenyewe hulisimulia jambo hilo akicheka: "Mimi naingia, yeye anatoka. Tulipishana mlangoni." Sisi tunaomsikiliza hatujui kama tucheke au tutazame chini.

Alibaki na nyumba ya vyumba vinne, analala kimoja. Alibaki pia na gari dogo la binti yake wa pekee, ambaye ni muuguzi katika nchi ya mbali na alimwachia baba yake alitunze mpaka atakaporudi. Jamani, lilitunzwa! Kila asubuhi aliliwasha, akalisikiliza, akalisogeza mbele kidogo na kulirudisha nyuma ili magurudumu yasikae upande mmoja, akalifuta vumbi. Jumapili jioni binti alipiga simu, naye Dereva alikuwa na ripoti tayari. Niliwahi kumkuta. "Betri nzima. Oili nimeitazama, haijapungua. Gurudumu la nyuma lilitaka upepo, nimelijaza." Upande wa pili nikasikia, "Sawa Baba, asante sana. Haya, naingia zamu." Simu ikakatika. Yeye akabaki ameishika, anaitazama, uso umechangamka hasa.

Sasa binti alikuwa ameamua kuliuza, maana kurudi kwenyewe hakuonekani karibu. Mnunuzi alikuwa Mwalimu wa mtaa wa pili, mtu makini, anayekagua gari jinsi anavyosahihisha mitihani. Alipenda kila kitu isipokuwa taa hiyo ya kushoto, iliyokuwa na matone kwa ndani. Akasema ikikauka analichukua. Binti akamwagiza baba aipeleke kwa fundi, na fundi ndiye mimi.

Watu wengi wanadhani taa ya gari imezibwa kama chupa ya soda. Sivyo. Taa inapumua. Ikipata joto hewa inatoka, ikipoa hewa inaingia na unyevu wake. Ukungu mwembamba unaokimbia ukiwasha taa, uache, huo si ugonjwa. Lakini matone yanayotiririka na kutuama chini ni maji, na maji yana mlango yalikoingilia. Kazi yangu ni kuutafuta mlango huo.

Mara ya kwanza nilikuta kifuniko cha mpira cha nyuma ya balbu kimepasuka. Nikaweka kipya, nikaikausha taa kwa mashine ya kukaushia nywele ya mke wangu, ambaye saluni yake imepakana na karakana yangu. Wateja wake walitoka na vichwa vilivyojaa rola kunicheka: "Fundi, leo unamtengeneza nani, bibi harusi?" Nikacheka nao, kazi ikaisha. Wiki ileile ikarudi imelowa. Mara ya pili niliupasha moto mshono wa kioo, nikaufungua, nikakwangua gundi ya zamani, nikapaka mpya. Kazi safi, hata kama najisifu mwenyewe. Ikarudi tena. Na Mwalimu alikuwa ameanza kuuliza watu huyo fundi ni fundi gani, kisha akasema Jumamosi ndiyo mwisho, isipokauka atatafuta gari jingine.

Siku hiyo ya tatu basi nilikuwa nimevimba. Nikapaka povu la sabuni kwenye mshono wote, nikapuliza hewa kwa nyuma. Penye tundu povu hutoa kiputo. Halikutoa hata kimoja. Nikachomoa balbu, nikamulika ndani kwa tochi, na kwenye kona ya chini, pale penye kung'aa, nikaona kitu cheusi kimeganda. Nikakitoa kwa waya. Nikakiweka kwenye kiganja, nikakitazama kwa muda mrefu.

"Mzee," nikasema, "mvua ya kwenu inanyesha majani ya chai?"

Hakucheka. Alilitazama lile jani, akakaa kwenye benchi taratibu.

"Nilikiosha kikombe," akasema. "Nilidhani nimekiosha vizuri."

Nitasema ukweli, nilipandwa na hasira. Kikulacho ki nguoni mwako! Mimi nakesha nawaza tundu liko wapi, kumbe mwenye taa anafungua kifuniko mwenyewe, anamimina maji, anafunga, halafu ananiletea. Nikamwambia ameniaibisha mbele za watu, kwamba Mwalimu ananitangaza, kwamba mtu mzima hafanyi mchezo na riziki ya mwenzake. Niliongea mpaka mashine za saluni zikanyamaza, wanawake wasikilize vizuri.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Ikikauka, Mwalimu analichukua. Akilichukua, mwanangu atanipigia kuniuliza nini?"

Hasira yote iliniishia hapohapo, nikabaki na jani la chai mkononi.

"Atakuuliza hali yako," nikasema.

"Hajawahi." Hakusema kwa kulaumu. "Nami sijawahi kumuuliza yake. Nilipokuwa njiani na lori, yeye mdogo, nilipiga simu nyumbani namuuliza: geti umefunga? Taa ya nje mmezima? Akinijibu, nakata. Nilikuwa naogopa nikiendelea nitashindwa kuendesha. Kwa hiyo nilimfundisha mwenyewe, fundi. Anaongea nilivyomfundisha."

Nikawasha mashine ya mke wangu, nikaanza kukausha. Ni kazi ya subira, joto likizidi plastiki inakunja uso. Yeye alitazama matone yakipungua moja baada ya jingine.

"Huwezi kuyaacha kidogo tu?" akauliza.

"Siwezi, mzee wangu. Mwalimu anabeba watoto wake humo, na barabara zetu unazijua kuliko mimi."

Akatikisa kichwa kukubali. Hoja ya barabara haikuwa na ubishi kwake. Nilimkabidhi taa ikiwa kavu na kioo cheupe, akaikumbatia, akaondoka. Sikumfuata. Kikombe kilikuwa kwake na bomba la maji lilikuwa kwake. Nilijua akitaka ataimwagia tena kabla hajafika kitandani.

Jumamosi Mwalimu alipita mbele ya karakana na lile gari, akapiga honi na kuniwashia taa mchana kweupe. Zote mbili zilikuwa safi. Waliokuwepo walisema Dereva alisimama kwenye dirisha la gari, upande wa Mwalimu, anatoa maelekezo kama anayeaga mtoto wa shule: "Asubuhi usilikimbize. Lipe muda kidogo kabla hujaliondoa."

Jumapili mke wangu alininyang'anya rimoti. "Nenda kakae na yule mzee," akasema. "Bisibisi yako si iko kwake?" Hakukuwa na bisibisi yoyote kwake, lakini nilikwenda kuifuata.

Chini ya banda la mabati palikuwa na doa la oili ardhini, naye alikuwa amefagia uwanja wote akalizunguka, hakuligusa. Ndani alinitengenezea chai. Kikombe cha pili ilibidi akifute vumbi kwanza. Simu ilikuwa mezani, juu ya kitambaa kilichokunjwa. Saa yake ya kawaida ilifika ikapita. "Ana zamu," akaniambia. Baadaye kidogo akasema, "Ana mambo mengi," na mimi nikasema ndiyo, kazi za hospitali ndivyo zilivyo. Chai ikapoa. Giza likaanza kuingia, hakuinuka kuwasha taa, nami nilishindwa kumwambia. Niliona huruma mpaka nikatamani ile taa ya gari ingeoza kwa maji.

Simu ikalia. Aliiweka sauti ya juu, maana injini za malori zilimmaliza masikio.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Gari linaende... Aa. Nimesahau. Si liliondoka jana."

"Liliondoka. Taa zote mbili nyeupe."

"Mwalimu ameniandikia. Amefurahi sana."

"Vizuri."

Kule kwake mlango ulifunguliwa ukafungwa, watu wakapita wakiongea. Nilikuwa nasubiri "haya, naingia zamu". Yeye pia, maana kidole gumba kilishasogea kwenye kitufe cha kukatia.

"Na wewe, Baba?" binti akasema. "Unaendeleaje?"

Dereva akaiziba simu kwa kiganja, akanigeukia amekodoa macho, sura ya mtu aliyesimamishwa barabarani na leseni kaiacha nyumbani.

"Ananiuliza mimi," akaninong'oneza. "Nimwambie nini?"

"Mwambie ilivyo."

Akaondoa kiganja. Alianza kwa namna anayoijua. "Magoti... asubuhi yanataka muda kidogo kabla sijaondoka. Macho, la kulia zima, la kushoto linasumbua. Chakula nakula." Akatazama vile vyumba vyake vyenye giza. "Nyumba ni kubwa, mwanangu. Nyumba ni kubwa sana."

Nilidhani simu imekatika. Halafu tukamsikia anavuta kamasi.

"Nipo, Baba," akasema. "Endelea."